Kabla Hujaapishwa Saadani

Mwajuma mwanangu,

Salamu za adabu nimezimaliza kwa wageni tangu asubuhi, kwa hiyo wewe nakupa zilizobaki: hujambo, Mungu akuweke, na unanichosha.

Nakuandikia hapa uani, karatasi nimeiegemeza juu ya kifuniko cha kasha, nalo jua la alasiri linanipiga shingoni. Ndani hakukaliki. Wewe na kungwi wako mmefungiana chumbani na liwa na asumini, ukumbini wamejaa wanawake waliokuja kukuchukua, na kila nikiinua mguu nakanyaga wa mtu. Kesho fungate yako inakwisha na mnashika njia ya Saadani. Sitakuandikia habari za kuamka mapema wala za kumtunza mume. Hayo kungwi amelipwa ayaseme, na kwa sauti yake ile hata majirani sasa wanajua Salimu anapenda wali wa namna gani. Mimi nina jambo moja, nalo ni kichwa chako ulichokitikisa.

Barua hii nitaitia kati ya visutu viwili, chini kabisa ya kasha. Uifungue mkishavuka mto Wami. Si kabla, maana kabla ya hapo bado unaweza kugeuka kuja kunigombeza.

Unaikumbuka siku Bi. Ruzuna, shangazi yake Salimu, alipokuja kumaliza maneno ya posa. Mahari tulielewana haraka, halafu akakohoa, akakunja miguu upya, akasema, "Kuna jambo dogo." Mtu akisema jambo dogo kwa sauti ile mimi hukaa sawasawa.

"Tumesikia mtoto anajua sabuni ngumu," akasema. "Saadani nzima hakuna aijuaye. Sasa akishafika tutamwekea msahafu, aape mbele ya wanawake wa nyumba kwamba ile kazi ya sabuni hatamfundisha mtu. Ibaki kwetu."

"Bi. Ruzuna," nikamwambia, "mnaoa mtu au mnanunua kufuli?"

Akacheka, akanipiga paja. "Dada yangu, si mafundi wote ndivyo wafanyavyo?"

"Ndivyo wafanyavyo, na ndiyo maana nusu yao wamezikwa na ufundi wao."

Nikakutazama wewe. Nilitazamia utasema neno, hata la adabu, hata la kuzungukazunguka. Wewe ulikuwa unachokoa ukili wa mkeka wangu kwa ukucha, mkeka mpya, na bila kuinua macho ukatikisa kichwa: sawa.

Wageni walipoondoka nikakuuliza, "Mwajuma, ulisikia alichokisema?"

"Nilisikia, mama."

"Na umekubali?"

"Mama, kwani kufundisha kumekupa nini?"

Nikakuambia ukaondoe vyombo. Tangu siku hiyo neno lako limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo, ukiwa umefungiwa huko huwezi kunikatiza, nalitoa. Utanivumilia nikianza mbali.

Mimi nililetwa hapa Bagamoyo na shangazi yangu kutoka Lugoba, sijavunja ungo bado, Kiswahili changu kimejaa Kikwere mpaka watoto wa mtaa wakinifuata nyuma kuniigiza. Akaniacha kwa Bi. Msimu nijifunze sabuni. Bi. Msimu hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alinilisha, alinivisha, na nilipougua homa alinikeshea. Lakini kila tulipofika mahali penyewe, magadi yameshayeyuka katika maji ya moto ndani ya mtungi, mikono nimeshaipangusa nitazame, aliniambia, "Mwantumu, kachote maji."

Nikaenda kisimani. Nikarudi. Maji ya magadi yamekwisha kuwa makali, mafuta ya nazi yako jikoni, na Bi. Msimu ananiambia nikoroge. Nikakoroga. Kukoroga nilijua kuliko mtu yeyote wa mji huu. Kutia chumvi ili sabuni ijitenge nilijua, kumimina katika vifuu nilijua. Nilijua kila kitu isipokuwa kile ambacho bila yake vingine vyote ni kazi bure. Na huo ndio ulikuwa mwendo wa mafundi wote: mwanafunzi humpa tisa, ya kumi hukaa nayo. Wahunzi hivyo, watia rangi hivyo. Siku moja nilijaribu kukawia mlangoni. Akafunika mtungi, akakaa juu ya kigoda, akaimba kaswida nzima akinisubiri niende.

Unanijua, mimi mtu wa hesabu. Jambo lisilotimia linaniwasha. Nilikuwa nikilala natia na kutoa: magadi yakiingia hayaunguzi ulimi sana, yakitoka yanababua. Basi katikati kimeingia kitu. Kitu gani? Nilionja kila kilichokuwamo katika jiko lile, na ulimi wangu mpaka leo hausikii vizuri pilipili.

Jibu nililipata kwa sababu ya harufu ya samaki. Nilikuwa nimekula uani, nikakamulia ndimu mikononi, matone yakaangukia sahani iliyokuwa na maji ya magadi mabichi. Ikafanya ssss, povu likapanda. Nikacheka peke yangu. Kesho yake, kwa uchokozi tu, nikatia tone katika maji yaliyokwisha kutengenezwa na Bi. Msimu. Kimya. Nikatia la pili. Kimya. Ndimu ileile, mwanangu. Nikajua kuna kitu kimeyafunga mdomo maji yale, na kitu hicho hakiwezi kutoweka hivihivi, lazima kimeacha mabaki.

Mabaki! Kila juma nilikuwa nikiuosha mtungi ule. Chini yake kulikuwa na tope jeupe, nami nalisugua kwa makumbi na kuwalaani wapagazi kwa kutuletea magadi machafu ya bara. Jibu lilikuwa mikononi mwangu muda wote, nami nalimwaga jalalani. Safari hii nikalianika juani, nikalijua: lilikuwa chokaa, chokaa hii hii wanayoipata kwa kuchoma matumbawe pale ufukweni, ambayo kila mtu hupaka nyumba yake.

Baada ya hapo nilijifunza mwenyewe. Kibaba kwa kibaba, kwa kificho, katika chungu kibovu nyuma ya banda la mbuzi. Chokaa kidogo, ndimu inapiga kelele. Naongeza, kelele zinapungua. Naongeza, kimya. Nikachovya unyoya wa kuku, ukalegea ukayeyuka kama haukupata kuwa unyoya. Nilikata ndimu nyingi mpaka jirani akadhani nina mimba, akamwambia Bi. Msimu, na Bi. Msimu akaja kuniuliza kwa upole mwingi baba yake nani. Ikabidi niseme kweli. Nikamwonyesha chungu changu.

Alikitazama, akanitazama. Nilidhani atafurahi. Ujinga wa mtoto. Akasema, "Basi. Umekwisha kuwa fundi. Ondoka."

Siku ile niliapa nafsini mwangu, bila msahafu na bila Bi. Ruzuna, kwamba mimi sitamtuma mtu kisimani. Atakayekuja kwangu ataona mtungi toka kinywani hadi kitakoni. Hilo nimelitimiza, na limenitoa jasho, na sasa nitakuambia limenipa nini, kwa kuwa uliuliza.

Nikipiga hesabu ya waliopita katika ua huu, kila wanne mmoja alikimbia alipobabuka vidole. Mmoja alinivunjia chombo. Mmoja alifungua jiko mtaa wa pili na kuwaambia watu sabuni yangu inapasua mikono. Na mmoja, huyo wa nne, ananiletea salamu, tena akiwa na shida. Nimewaeleza mpaka sauti imekauka. Nimesema "chokaa mpya, chokaa mpya" hata kasuku angelijua. Marehemu baba yako, aliyekuwa na chuo chake na watoto wake wa kuimba aya kutwa, ambaye ndiye aliyenifundisha hizi herufi ninazokuandikia kwa mwandiko wa kuku, alikuwa akinicheka. "Mama Mwajuma," akisema, "wewe huna wanafunzi, una wadeni." Nikamwambia wake na wao wanasinzia. Akasema, "Wangu wakisinzia hawaunguzi nyumba."

Kosa langu kubwa katika kazi hii, hata hivyo, silo ukali. Kosa langu nililionyeshwa na Siti wa Makurunge, na wewe ulikuwapo.

Siti alikuwa mwanafunzi wangu bora. Hakuandika, hakusahau. Nilimpa kipimo: magadi vibaba vitatu, chokaa vibaba viwili. Akakirudia mbele yangu kama jina la baba yake, nikamruhusu arudi kwao. Haukupita mwezi, nikamwona anaingia kwa mlango huu, upande wa kaniki umeanguka, sufuria kichwani, macho mekundu. Akaitua sufuria mbele ya wateja wangu. Ndani yake mafuta yanaelea juu, maji meupe chini, na harufu ya kuchefua.

"Umenificha!" akasema.

Mimi! Katika mji mzima wa mafundi wanaofunika mitungi, aliyeambiwa ameficha ni mimi.

"Siti, nimekuficha nini, mwanangu?"

"Sijui! Ningejua ningekuuliza? Vitatu kwa viwili, vitatu kwa viwili, nimetia, nimetia tena, nazi zangu zote zimekwisha. Kuna kitu umekibakiza. Mafundi nyote wezi."

Nilimtukana. Sikumbuki yote niliyoyasema, majirani wanayakumbuka. Nilimwambia kichwa chake kifuu kitupu. Nikamtajia kipimo kwa kelele, naye akanitajia kilekile kwa kelele, tumesimama hapa uani tunapigiana vitatu kwa viwili kama wenda wazimu, na wateja wamesahau sabuni wanatutazama sisi.

Wewe ulikuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka. Ulikwenda ukamshika Siti mkono, ukampeleka nyuma, karibu na kuni. Nikakufuata nikudhibiti, nikasikia sauti yako nikasimama nyuma ya ukuta wa makuti.

"Da Siti," unamwambia, "chokaa yako ulinunua ya tanuri au ya dukani?"

"Ilikuwa nyumbani. Baba aliinunua kabla ya masika, akapaka chumba kimoja, ikabaki."

"Ilifunikwa?"

"Chokaa nayo yafunikwa? Kwani wali?"

Ukachukua kipande cha chokaa ya zamani kutoka ukutani, ukakipondaponda, ukakikamulia ndimu. Ssss. Ukachukua chokaa mpya iliyofunikwa, ukaikamulia. Ikanyamaza. Halafu ukasema, nakumbuka neno kwa neno, "Hii ya kelele imekaa nje mpaka imeshiba upepo, haina nafasi tena. Hii iliyonyamaza ina njaa. Magadi yana kitu ndani kinachopiga kelele, na chokaa yenye njaa ndiyo inayokila. Ukitia iliyoshiba, italala tu chini. Usimuulize mama vibaba vingapi. Muulize ndimu."

Siti akakaa chini, pale pale juu ya kuni. Uso wake ukabadilika. Mwajuma, ule uso! Kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango maisha yake yote, akaambiwa auvute. Akachukua ndimu mkononi mwako akaanza mwenyewe, hiki na kile, hiki na kile, anacheka na machozi hayajakauka.

Nami nyuma ya makuti nilisikia wivu, sitakuficha, kisha fahari, kisha hasira juu ya nafsi yangu. Mimi niliyeteseka kuutafuta ukweli ule kwa ulimi na vidole nilikuwa nikiwapa watu kipimo kitupu, nikidhani nimewapa kila kitu kwa kuwa sikuficha kitu. Niliwaonyesha mtungi wote, sikuwafundisha kuutazama. Mtoto wa meno ya mapengo ndiye aliyeona.

Basi hicho ndicho kufundisha kulichonipa. Kulinipa kusimama nyuma ya makuti siku ile. Ukikitia katika mizani hakina ratili, najua. Nimejaribu kukipigia hesabu njia zote na kila mara kinanishinda, na mimi hesabu hainishindi.

Ndiyo maana kichwa chako kilipotikisika mkekani nilitamani kukishika kwa mikono miwili. Wa kunyamaza wako wengi. Mjini humu mafundi wanaojua na wamenyamaza nawaona kila nikitoka. Lakini wewe una kipaji ambacho mimi sina na Bi. Msimu hakuwa nacho, cha kuliona jambo kwa jicho la asiyelijua. Na unakwenda kukiwekea mkono juu ya msahafu ukizike, kwa sababu shangazi wa mume amekohoa.

Usiniambie ni adabu. Adabu naijua. Bi. Msimu naye alikuwa na adabu na ukoo. Alipopigwa na kiharusi binti zake wawili waliniita, maana sufuria zilikuwa zimejaa na kazi imesimama. Wale pia walikuwa wakitumwa kisimani, kumbe. Damu yake mwenyewe. Nilimkuta amelala, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja mzima unachora kitu hewani, unachora na kuchora, macho yanawatazama watoto wake. Alikuwa anawaambia chokaa. Mimi niliuona mkono ule unavyochota, unavyomimina. Binti zake wakadhani ana kiu, wakamletea maji.

Niliwafundisha siku ileile, mbele yake. Sikufurahi. Niliwakasirikia wote watatu.

Sasa sikiliza nililolifanya leo. Kaa chini kwanza. Kama uko chomboni bado mnavuka, uifunge barua, umeniasi, ungoje ng'ambo.

Adhuhuri, baada ya kula, wewe ukiwa chumbani unasuguliwa, Bi. Ruzuna alijinyoosha akalala. Salimu alikuwa msikitini. Wale wanawake wa Saadani, saba, wamekaa ukumbini wanapiga miayo. Mmoja akasema kwa mzaha, "Bi. Mwantumu, tumekuja njia yote ile, hatupewi hata ya kufulia?"

Nikasema, "Nyanyukeni."

Nikawaleta hapa. Nikawapa kila mmoja ndimu yake. Nikayeyusha magadi mbele ya macho yao, nikatia chokaa nusunusu, na kila nusu nikawafanya wakamue wenyewe wasikilize. Nikawapa unyoya. Yule mnene wa kisutu chekundu alipouona unayeyuka akaniambia, "Wallahi, mama, hili ni jini." Nikamwambia, "Jini haliuzwi kwa kibaba. Kamua." Kisha nikatoa maji makali ya jana, nikaweka mafuta jikoni, wakakoroga kwa zamu, wakipigana vikumbo kama wasichana.

Bi. Ruzuna akatoka, leso imekaa upande, usingizi usoni.

"Mnafanya nini?"

"Tunafua, dada yangu."

Akaja akachungulia mtungi. Akaona chokaa, akaona wanawake saba wa mji wake wameshika ndimu, wawili kati yao watu wa nyumba yake mwenyewe. Kisha akasema polepole, "Bi. Mwantumu, umenivunjia nyumba."

"Nyumba yako imepata sabuni. Wa kuapishwa sasa wamefika wanane, Bi. Ruzuna. Utaanza na yupi?"

Hajagusa hata kahawa tangu hapo. Amekaa barazani amenipa mgongo. Salimu aliporudi akaelezwa, akainama kama anatafuta kiatu, lakini mabega yalikuwa yakicheka. Huyo kijana anatia matumaini.

Utakasirika, najua. Utasema mama ameninyang'anya riziki kabla sijafika kwangu. Haya, tupige hesabu. Wale saba wamebeba kipimo, kama Siti alivyobeba. Maji ya Saadani hayajui mkono wangu, chokaa yao sijui inachomwaje, na nazi zao nasikia ni ndogo. Kabla ya mwezi kwisha sufuria saba zitaharibika, na wanawake saba watapiga kelele kwamba yule mama wa Bagamoyo amewaficha. Watakwenda kwa nani? Wakija na chungu kilichoharibika, hapo ndipo kazi yako inapoanza, si ya sabuni. Ile nyingine. Na uwatoze, usiwe mjinga kama mimi.

Bi. Ruzuna ni mkaidi, anaweza bado kukuwekea msahafu. Mwambie kwa heshima kwamba huwezi kumwapia Mungu kuficha kitu kinachojulikana mpaka kisimani kwao. Asipokubali, mwambie aje anigombeze mimi. Njia anaijua. Lakini kichwa, Mwajuma, safari hii ukiache shingoni kilivyo.

Na katika wale saba yuko mmoja, mdogo kwao wote, aliyeachwa na mumewe juzijuzi. Wenzake walipokuwa wakishangilia unyoya yeye alikaa na ndimu yake anaikamua na kuikamua, kisha akaniuliza, "Lakini kwa nini inanyamaza? Ile kelele imekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Sijui." Kweli sijui. Nimefanya kazi hii mpaka nywele zimeota mvi, na hiyo kelele inakwenda wapi sikuipata. Nikamwambia kuna mtu Saadani mwenye maneno yake juu ya hilo, labda pamoja mtafika mbali kuliko nilipofika mimi.

Anaitwa Bahati. Anakaa kwa kaka yake, nyumba ya tatu ukitoka msikitini. Alisema atakuja kwako baada ya siku mbili tatu, bibi harusi apumzishe miguu. Nikamwambia aje jioni ileile mtakayofika.

Mamako,
Mwantumu